DENI LA MSOMI: HISTORIA YA ELIMU YA KUSULUHISHA MIGOGORO NA FUNDISHO LA TARIME NA SERENGETI

Swali lenyewe

Vijana wetu wengi waliomaliza shahada ya kwanza hutafuta nafasi za masomo ya ng'ambo, na fani moja imezidi kuwavuta: usimamizi wa migogoro. Wafadhili wa fani hii wako Ulaya, Marekani, Japani na Australia. Kijana akifaulu hulipiwa ada, nauli, chakula na malazi, na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili hupata shahada ya pili. Hakuna ubaya wowote katika kusoma. Lakini kada wa Chama hawezi kuishia kwenye furaha ya barua ya kukubaliwa. Wajibu wake ni kuuliza maswali ambayo historia imetufundisha kuyauliza: Elimu hii imetoka wapi? Nani anailipia? Na anayeipata anakuwa na deni kwa nani?

Tumechagua kulichambua suala hili kwa kutazama wilaya mbili za Mkoa wa Mara, yaani Tarime na Serengeti. Tumezichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni wilaya ambazo migogoro ya ng'ombe, ardhi, madini na hifadhi imewagharimu wananchi damu, na kwa hiyo mazungumzo juu ya elimu ya usuluhishi huko si ya anasa. Pili, watu wa huko walikuwa na mabaraza yao ya kusuluhisha tangu kabla ya ukoloni. Tatu, ni katika mkoa huo huo, mjini Musoma, mwaka 1974, ambako Taifa liliamua jambo kubwa juu ya nani aende chuo kikuu na kwa masharti gani.

Baraza lilikuwa chuo

Wakuria wa Tarime na sehemu za Serengeti hawakuwa na watemi kabla ya wakoloni. Waligawanyika katika koo kubwa, kila moja ikiitwa ikiaro na ikiwa na eneo lake: Wanchari, Wairegi, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru, Wakenye, Walyanchoka na nyinginezo. Mamlaka hayakuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kulikuwa na inchama, baraza la siri la wazee walioshika mila na viapo. Kulikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara ambapo wanaume wa eneo walikaa pamoja, wakasikiliza shauri na kutoa uamuzi. Aidha, kulikuwa na marika, ambayo yalimpa kila kijana nafasi yake, wenzake wa kusimama naye na wakubwa wa kumkemea.

Katika mfumo huo kijana alijifunza usuluhishi kwa kukaa pembeni mwa mkutano miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kusema. Alijua nani alimdai nani ng'ombe wa mahari, shamba la fulani lilipakana wapi, na kiapo gani kilikuwa kizito kiasi cha kumfanya mwongo aogope. Ada ya masomo ilikuwa ni muda wake na utii wake. Mtihani ulikuwa ni uamuzi wenyewe, kwa sababu aliyeamua vibaya aliendelea kuishi na watu aliowaamulia vibaya.

Tusiupambe mfumo huu kupita kiasi. Iritongo iliwaweka wanawake nje, ijapokuwa migogoro mingi ilihusu mahari yao na watoto wao. Usuluhishi ulikuwa na nguvu ndani ya ikiaro, lakini baina ya koo ulikuwa dhaifu. Kijana aliyeiba ng'ombe wa jirani yake aliadhibiwa, na yule aliyewateka ng'ombe wa ukoo mwingine aliweza kusifiwa. Hata hivyo, kulikuwa na kanuni moja iliyo ya msingi katika mjadala wetu: msuluhishi alitoka miongoni mwa waliogombana, na alibaki nao.

Ukoloni ulivyoubadili mgogoro

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuchora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwapasua Wakuria. Wairegi, Wanyabasi na Wakira wakajikuta wengine chini ya Mjerumani na wengine chini ya Mwingereza. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi katika Afrika Mashariki yote, na thamani ya kila mnyama aliyebaki ikapanda. Kisha ikaja kodi. Mfugaji ambaye ng'ombe kwake alikuwa mahari, akiba na heshima, alilazimika kumtazama ng'ombe huyo huyo kama fedha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua upande wa kusini pia, na kwa sheria ya mwaka 1926 wakaeneza utawala wa kupitia wenyeji. Mahali ambapo hapakuwa na chifu, chifu aliwekwa. Huyu aliyewekwa alikusanya kodi na kuamua mashauri, na uamuzi wake uliegemea ofisi ya Bwana Wilaya. Kwa hiyo iritongo ilibaki na maneno, na nguvu ikahamia bomani. Vijana wengi wa Kikuria waliandikishwa katika jeshi la KAR, wakarudi na mshahara na ujuzi wa bunduki.

Matokeo yake hayakuonekana kwa siku moja, lakini mwelekeo wake ni dhahiri. Mpaka uliokuwa umewagawa ndugu uligeuka kuwa njia ya biashara. Ng'ombe aliyeibwa Tarime aliweza kuvushwa usiku na kuuzwa upande wa Kenya, ambako soko la nyama lilikuwa kubwa zaidi. Hapo zamani ng'ombe wa kutekwa aliingia katika boma, akalipa mahari, na watu wote wakamwona. Sasa ng'ombe wa kuibwa alipotea katika soko, fedha yake ikaingia mfukoni mwa watu wachache, na aliyeibiwa hakujua amdai nani. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 silaha za moto nazo zilienea. Hivyo basi, wizi wa ng'ombe tunaoambiwa kuwa ni "mila ya Wakuria" ni zao la mila ya zamani iliyoingizwa katika soko la kibepari na katika mpaka wa kikoloni. Asiyetofautisha mambo haya mawili atatafuta dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Upande wa Serengeti mgogoro ulichukua sura nyingine. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walilima, walifuga na waliwinda. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951, na mipaka yake kurekebishwa mwaka 1959, Wamasai walihamishiwa Ngorongoro, na watu wa magharibi wakajikuta ni majangili katika mapori waliyowinda babu zao. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliongezwa. Wanyama ni mali ya Taifa zima na ya dunia, hilo hatulibishii. Lakini tembo anapokula shamba la mtama karibu na Mugumu, anayelala njaa ni mwanakijiji mmoja mwenye jina.

Waliokuja kusoma kwetu

Historia ya elimu ya migogoro katika wilaya hizi ina upande ambao hausemwi mara nyingi. Kabla kijana wa Tarime hajapanda ndege kwenda kusoma migogoro, wageni walikwisha kuja Tarime kuisoma migogoro yake. Mwaka 1935 E. C. Baker, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya Wakuria wa Mara Kaskazini, kama Tarime ilivyoitwa wakati huo. Katika miaka ya 1950 Malcolm Ruel aliwachunguza Wakuria na mfumo wao wa vizazi. Mwaka 1986 Eva Tobisson, msomi wa Skandinavia, aliandika juu ya familia za Kikuria, na mwaka 2000 Mmarekani Michael Fleisher alitoa kitabu kizima juu ya wezi wa ng'ombe wa Kikuria katika mpaka wa Tanzania na Kenya. Suzette Heald, Mwingereza, aliandika juu ya sungusungu wa pande zote mbili za mpaka. Upande wa Serengeti, Jan Bender Shetler, Mmarekani, alikusanya historia za wazee wa Mara na kuzichapisha mwaka 2003, kisha mwaka 2007 akatoa kitabu juu ya kumbukumbu za watu wa Serengeti magharibi.

Hatuwatuhumu watu hawa. Baadhi yao wamehifadhi maneno ya wazee ambao sasa wamekufa, na bila kazi hiyo tungekuwa maskini zaidi. Tunachosema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, zimechapishwa ng'ambo, na bei yake haiwezi kulipwa na shule ya kata. Kijana wetu akienda ng'ambo kusoma usimamizi wa migogoro anaweza kukabidhiwa maktabani kitabu kinachoeleza kijiji cha bibi yake. Mali ghafi ilitoka hapa, ikasindikwa kule, nasi tukairudia kama wanunuzi. Tunalijua jambo hili katika pamba na kahawa. Ni lazima tulitambue pia katika elimu.

Deni: kutoka Edinburgh hadi Musoma

Je, maana yake ni kwamba kusoma kwa fedha za mgeni ni kujiuza? Historia ya mkoa huu inakataa jibu jepesi. Mwaka 1949 mwalimu kijana kutoka Butiama, jirani kabisa na wilaya tunazozizungumzia, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa fedha za serikali ya kikoloni. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake. Miaka miwili baadaye aliongoza kuundwa kwa TANU. Mkoloni alilipa, lakini mkoloni hakuvuna alichotaka. Kwa hiyo chanzo cha fedha peke yake hakiamui msomi atakuwa wa nani. Kinachoamua ni deni ambalo msomi mwenyewe analikubali.

Mwalimu Nyerere alilieleza deni hilo mwaka 1964 kwa mfano unaojulikana na kila kada: kijiji chenye njaa kinampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali na kuleta msaada. Mtu huyo akila na asirudi, ni msaliti. Mwaka 1966 mfano huo ulijaribiwa. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewapa asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa miezi kumi na minane. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao. Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mgongano huo haukuwa wa fedha tu. Ulikuwa wa swali la nani anamdai nani.

Jibu kamili zaidi lilitolewa Musoma mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana huko. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Lakini liliamua pia kwamba mwanafunzi asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Ilimpasa kwanza afanye kazi, na apate mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya Chama. Maana ya uamuzi huu ilikuwa nzito: wale wanaoishi na mtu wana haki ya kusema kama anafaa kusomeshwa kwa jasho lao.

Utekelezaji ulikuwa na kasoro zake. Idadi ya wasichana vyuoni ilishuka, na kabla ya muda mrefu wakaondolewa sharti hilo. Mapendekezo yaliweza kugeuka kuwa upendeleo. Hatimaye katika miaka ya 1980 utaratibu ukalegezwa na kuachwa. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2004, ilianzishwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mkopo ni jambo la haki, na umewafikisha chuoni watoto wengi wa wakulima. Lakini tuone badiliko lililotokea: deni la msomi, lililokuwa deni la utumishi kwa kijiji, limekuwa deni la shilingi kwa Bodi. Akimaliza kulipa shilingi hizo, anajiona huru.

Fani mpya na wafadhili wake

Sasa tutazame fani yenyewe ya usimamizi wa migogoro. Ilizaliwa katika mazingira ya vita baridi, mataifa makubwa yalipokuwa yakiogopana kwa silaha za nyuklia. Mwaka 1957 wasomi wa Chuo Kikuu cha Michigan walianzisha jarida la utatuzi wa migogoro. Mwaka 1959 Johan Galtung na wenzake walianzisha taasisi ya utafiti wa amani Oslo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kilifungua idara ya masomo ya amani. Mwaka 1980 Umoja wa Mataifa uliidhinisha Chuo Kikuu cha Amani nchini Costa Rica. Baada ya vita baridi kwisha, na hasa baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, macho ya fani hii yalielekezwa Afrika, na fedha zikafuata macho.

Mfano mmoja unaojulikana ni nafasi za masomo ya amani za Rotary, ambazo wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 2002. Vyuo vilivyochaguliwa kwa shahada ya pili viko katika nchi kama Uingereza, Sweden, Marekani, Japani na Australia. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Makerere nacho kilianza kupokea wanafunzi wa mpango huo, lakini kwa mafunzo mafupi zaidi ya shahada ya pili. Masharti yake yanafundisha. Mwombaji wa shahada ya pili ni lazima awe amefanya kazi kwa miaka kadhaa kwanza. Na hawezi kusomea shahada hiyo katika nchi yake mwenyewe.

Ndugu msomaji, tuyapime masharti hayo kwa kipimo cha Musoma. Sharti la kufanya kazi kwanza ni lile lile tulilolitangaza mwaka 1974. Tulilitupa kama mzigo, na wengine wakalichukua kama busara. Lakini kuna tofauti. Kwa Azimio la Musoma mapendekezo yalitoka kwa wale wanaofanya kazi na kuishi na mwombaji. Kwa mpango wa mfadhili, mapendekezo yanatoka kwa mkuu wake wa kazi, mwalimu wake wa chuo na wanachama wa klabu ya mfadhili. Kijiji chenye mgogoro hakiulizwi. Basi msomi anaporudi, ripoti yake inakwenda kwa aliyemlipia, na ajira yake mara nyingi iko katika shirika ambalo nalo linalipiwa na wafadhili.

Hata jina la fani lataka tulitafakari. Kusimamia kitu si kukimaliza. Anayesimamia duka hapendi duka lifungwe. Ikiwa riziki ya msomi inategemea miradi ya migogoro, atakuwa na ujuzi mwingi wa kupoza maneno na sababu ndogo ya kugusa mizizi. Hatusemi kwamba wote wako hivyo. Tunasema kwamba hali ya maisha ya mtu huivuta fikra yake, na hii ni kanuni tunayowafundisha makada siku ya kwanza ya darasa.

Elimu iliyovuka mpaka bila mfadhili

Kinyume cha hayo, wilaya hizi zina mfano wa elimu iliyosafiri kwa miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima na wafugaji wa Kisukuma na Kinyamwezi, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na uvivu wa vyombo vya dola, waliunda jeshi lao la jadi la ulinzi, sungusungu. Mwalimu Nyerere aliliunga mkono. Mwaka 1989 sheria ililitambua kama sehemu ya mgambo. Tarime na Serengeti zililipokea wazo hilo na kulivisha vazi la nyumbani: iritongo ilifufuka, ikawa na kamati, na ikaanza kuwadai wezi na hata viongozi waliowalinda. Mwaka 1998 Wakuria wa upande wa Kenya, walipoona kwamba ndugu zao wa Tanzania walikuwa wakilala usingizi, nao wakaunda sungusungu yao.

Hii ni elimu ya kimataifa ya kusuluhisha migogoro katika maana halisi ya neno. Iliwavuka Wasukuma, ikawafikia Wakuria, ikaupita mpaka wa mwaka 1886, na hakuna aliyelipiwa nauli. Iliwezekana kwa sababu waliofundisha na waliofundishwa walikuwa na shida moja.

Lakini kada mkweli hataishia kwenye sifa. Sungusungu ilipiga watu. Ilitoza faini bila rufani, iliwatenga washukiwa na familia zao, na mara nyingine ilihukumu kwa uvumi. Tena ilikuwa na udhaifu ule ule wa iritongo ya zamani: ilifaa kumdhibiti mwizi wa ndani, haikufaa kupatanisha koo mbili zinazogombea mpaka wa mashamba. Katika mwaka 2008 na 2009 Wanchari na Walyanchoka walipigana, watu wakafa na nyumba zikachomwa. Serikali ililazimika kuimarisha ulinzi, na Tarime na Rorya zikafanywa mkoa wa kipolisi wa pekee. Polisi wanaweza kuwatenganisha wapiganaji. Hawawezi kuongeza eka za ardhi.

Hapa ndipo elimu ya juu inapotakiwa. Wazee wanajua historia ya mpaka, lakini hawana ramani. Wanajua nani alivamia, lakini hawajui takwimu za ongezeko la watu, wala sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, wala utaratibu wa kupima. Sheria hiyo inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, na angalau watatu wawe wanawake. Hilo ni jambo ambalo iritongo haikulifanya kamwe. Tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata nayo yameondolewa uwezo wa kuhukumu mashauri ya ardhi na kubakizwa na kazi ya kupatanisha. Maana yake ni kwamba leo, katika kila kata ya Tarime na Serengeti, kuna chombo cha kisheria ambacho kazi yake ni usuluhishi tu, na wajumbe wake wanahitaji mafunzo. Tunao wasomi wa usuluhishi wanaotafuta kazi mijini, na tunayo mabaraza ya usuluhishi yanayotafuta wasomi vijijini. Hao wawili hawajakutana.

Mgogoro usiopoozwa kwa semina

Nyamongo inatufundisha mpaka wa fani hii. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 katika eneo ambalo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kabla yake. Wananchi walipoteza mashimo na mashamba. Mabishano ya fidia na ya mawe ya mabaki yaliendelea miaka mingi. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini. Kesi ya baadhi ya familia ilifunguliwa London, na mwaka 2015 ikamalizwa kwa makubaliano. Mwaka 2019 Serikali na kampuni ya Barrick zilifikia makubaliano mapya, na Kampuni ya Twiga ikaundwa, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16.

Jambo la kuzingatia ni hili: kilichobadili mizani Nyamongo hakikuwa warsha za mahusiano mema. Ni mabadiliko katika umilikaji, na madai ya wananchi wenyewe. Msuluhishi anayewaita mnyonge na mwenye nguvu katika meza moja, akawaomba wote wawili wapunguze hasira, bila kuuliza ardhi ni ya nani na dhahabu inakwenda wapi, amekwisha kuchukua upande. Usuluhishi wa kweli huanza kwa kuangalia nani anamiliki na nani anavuja jasho.

Yule mtoto wa Butiama aliyesomeshwa na mkoloni alilijua hilo. Kuanzia mwaka 1996, akiwa hana tena cheo cha Serikali, alisuluhisha mgogoro wa Burundi, kwanza Mwanza, kisha Arusha. Hakuwa na shahada ya usimamizi wa migogoro. Alikuwa na subira ya mzee wa baraza, na alikataa makubaliano ya haraka kati ya wakubwa peke yao. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi ikiwa haijaisha, Mzee Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Elimu ya Edinburgh na elimu ya baraza zilikutana ndani ya mtu mmoja kwa sababu alijua anadaiwa na nani.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunatoa maoni manne, yajadiliwe katika matawi na vyuo.

Kwanza, vijana wa Tarime na Serengeti waende kusoma, Makerere, Bradford au kwingineko. Kuwazuia ni kuwaachia wengine peke yao kazi ya kutueleza sisi ni nani.

Pili, moyo wa Azimio la Musoma urudishwe bila kasoro zake. Anayetaka kusomea migogoro afanye kazi kwanza na baraza la ardhi la kijiji au baraza la kata, na wajumbe wake, wanawake kwa wanaume, waseme kama anafaa. Barua yao haitamfurahisha kila mfadhili, lakini itamkumbusha mwombaji mwenyewe.

Tatu, kila utafiti unaofanywa katika wilaya hizi, wa mgeni au wa mwananchi, uandikwe muhtasari wake kwa Kiswahili na usomwe mbele ya mkutano wa kijiji ulikotoka. Waliotoa habari wana haki ya kuzisahihisha.

Nne, anayerudi na shahada atumike kwa muda maalumu katika wilaya yenye migogoro, naye alipwe vizuri kwa kazi hiyo. Kumtaka mtu alipe deni kwa njaa si ujamaa.

Mfadhili akishalipa ada amemaliza kazi yake, na Bodi ikishalipwa shilingi zake imemaliza madai yake. Kijiji hakimalizi. Mama wa Nyamongo aliyefiwa na mwanawe na mkulima wa Mugumu aliyeliwa shamba na tembo hawana stakabadhi ya kumwonyesha msomi, lakini ndio wadai wake wakubwa.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya kusimamia mgogoro na kuondoa chanzo chake. Toa mfano kutoka wilaya yako.
2. Kwa nini wizi wa ng'ombe hauwezi kuelezwa kwa mila peke yake?
3. Azimio la Musoma liliwapa wananchi sauti katika kuchagua wasomi. Ni kasoro zipi zilizojitokeza, na zingeepukwa vipi leo?
4. Tawi lenu lina msomi aliyesomeshwa ng'ambo? Analijua deni lake?